Ngozi ya Kifaru

Yotham Ndahani alikuwa na wanyama saba, na wote walienea ndani ya kopo moja la maziwa ya unga. Tembo, simba, chui, nyati, twiga, pundamilia na kifaru. Zilikuwa sarafu za madini ya fedha, kila moja wakia moja ya fedha safi, zilizotengenezwa ng'ambo na kuchorwa wanyama wa huku kwetu, wale wale ambao babu yake Yotham aliwafukuza shambani kwa mayowe na debe. Kila sarafu ilikaa ndani ya kikasha chake cha plastiki, cha duara, kinachoonesha ndani kama kioo cha saa. Ukikibana pembeni hufunguka, na ukikifunga hulia tak. Nyumbani kwake kulikuwa na kanuni moja tu kuhusu vitu hivyo: usiguse sarafu kwa kidole kitupu. Jasho la binadamu huacha alama juu ya fedha, na kuitoa ni kuiharibu zaidi.

Kazi yake ilikuwa fundi rejeta, Kizota, mjini Dodoma. Magari yaliyochemka njiani yaliishia mbele ya banda lake, naye aliziba matundu kwa lehemu tangu asubuhi hadi jua linapotua. Mafundi wenzake wakipata cha ziada walinunua kiwanja, au pikipiki ya bodaboda, au ng'ombe wawili watatu wa kuacha kijijini. Yeye alinunua wanyama wasiokula wala kuzaa. Ukimuuliza sababu, alikujibu kwamba fedha haiozi wala haipungui uzito, maneno aliyoyaokota kwenye simu. Ukweli ulikuwa mwingine. Siku moja alipeleka hereni ya mkewe Penina ikaungwe kwa sonara mjini, na Vishal, kijana mwenye duka, akamwonesha sarafu ya kifaru aliyoiagiza kwa ajili ya mteja, mteja akahamishwa kikazi kabla hajaichukua. Yotham aliitazama ngozi ya shingo ya yule mnyama, mkunjo baada ya mkunjo, na vinyweleo vya masikioni. Maisha yake yote alikuwa akiziba matundu ya chuma. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaweza kukishika kipande cha madini mpaka kikaonekana kinapumua. Alirudi Kizota akaunguza rejeta la mtu kwa mawazo, na mwisho wa mwezi akamfuata kifaru wake.

Kumbe kununua hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni kuweka.

Walikaa Makole, nyumba ya vyumba vitatu yenye uzio wa michongoma. Siku ile jirani yao alipoibiwa televisheni yeye akiwa kanisani anaimba kwaya, raha ya Yotham ikaisha. Wanyama walitoka kwenye kopo wakaingia kwenye gunia la mchele. Mchele ukapungua, wakapanda darini. Darini akasikia panya, akawashusha akawatia ndani ya rejeta bovu pale Kizota, na mnunuzi wa vyuma chakavu nusura alibebe rejeta hilo na mbuga nzima ndani yake. Wakarudi Makole. Wakakaa chini ya sinki, nyuma ya picha ya harusi, ndani ya buti la mvua. Mtu na akili zake timamu, mwenye binti chuo kikuu, anazungukazunguka ndani ya nyumba yake kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Baba Devota," Penina alimwambia asubuhi moja alipokuta buti liko juu ya jokofu, "mimi nafundisha watoto wa chekechea. Nikitoka huko nataka kukaa na mtu mzima."

"Wezi wako wengi siku hizi. Mji umejaa watu tusiowajua."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Penina, akalishusha buti.

Yotham alilifikiria jambo hilo kazini siku nzima, na jibu likamjia likitoka kwa marehemu baba yake. Mzee Ndahani alikuwa na ng'ombe wengi, lakini ukifika kwake ungewakuta wachache tu zizini. Waliobaki walikuwa kwa watu: huyu kwa shemeji, wale kwa rafiki, wengine ng'ambo ya kilima kabisa. Ndivyo Wagogo walivyofanya tangu zamani. Zizi moja likipata ugonjwa au ukame, mengine yatapona. Anayekufugia anakamua maziwa na kutumia mbolea. Hiyo ndiyo faida yake. Na wewe mwenye mali huendi kuwahesabu. Kwenda bila sababu ni kumwambia mwenzako usoni kwamba humwamini. Mnyama akifa, aliyekufugia hukuletea ngozi, nawe huulizi kitu. Unaipokea ngozi, halafu unampa mnyama mwingine aende naye, ili dunia ijue kwamba baina yenu hakuna kilichokufa.

Yotham alishuhudia hilo akiwa mdogo. Mfugaji mmoja, rafiki wa baba yake, alikuja kwa miguu kutoka Kibakwe akiwa na ngozi mabegani. Mzee Ndahani hakuikunjua kutazama alama. Aliitandika chini, akamwambia mgeni wake akalie, akamkaribisha ugali wa uwele na mlenda. Kesho yake mgeni akaondoka na mtamba. Mtu yule alikuwa baba yake Abeli, na Abeli ndiye aliyeingia jando pamoja na Yotham, wakalala juu ya majani mamoja na kulia kilio kimoja.

Kwa hiyo Yotham akawatawanya wanyama wake. Alibaki na watano. Tembo alimpeleka kwa Usha, mama yake Vishal, mjane aliyekaa juu ya duka la sonara nyuma ya milango miwili ya chuma. Kifaru, wa kwanza na kipenzi cha moyo wake, alipanda naye basi hadi Kibakwe.

Abeli alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kucheka polepole. Alikigeuza kile kikasha juani akamtazama mnyama, kisha akanyoosha kidole.

"Ana baka hapa, chini ya pembe."

Lilikuwepo kweli, doa jeupe dogo kama tone la maziwa. Fedha safi hutoka madoa hayo yenyewe wakati mwingine, bila kosa la mtu, na Yotham alikuwa ameliumia moyoni tangu alipoliona.

"Vizuri," Abeli alisema. "Mnyama mwenye baka hapotei. Na maziwa yake ni nini?"

"Maziwa yake ni kumtazama."

Abeli akacheka. "Basi nitakuwa nakamua jioni jioni, nikishafunga ng'ombe." Akamwita mkewe Ruthu, wakamfunga kifaru katika kitambaa cha bluu, wakamtia ndani ya kilindo, lile pipa la gamba la mti walimohifadhia mbegu za karanga. Yotham aliona kila kitu, akarudi Dodoma mwepesi. Alikaa na wepesi huo miezi kadhaa.

Uliondoka siku za Diwali. Alipita kwa Usha kumsalimia tu, au ndivyo alivyojiambia, na mama yule akampandisha sebuleni kwa furaha. Juu ya kabati, mbele ya sanamu ya mungu wao mwenye kichwa cha tembo, palikuwa na sinia la shaba lenye maua na taa ndogo. Katikati ya sinia alikaa tembo wa Yotham, ametolewa kwenye kikasha, ameogeshwa kwa maziwa, na katikati ya paji lake amepakwa nukta ya unga mwekundu.

"Shikamoo, Mama Vishal," Yotham alisema, sauti ikimtoka puani.

"Marahaba. Umemwona mwanao? Fedha ikikaa ndani bila kuombewa ni chuma tu, fundi. Nimemwombea, na wewe pia nimekuombea kwa jina lako."

Ungemwambia nini mtu aliyekuombea? Yotham alishukuru kwa dhati, akanywa chai yenye tangawizi, akaomba amrudishe tembo nyumbani kidogo, Penina amwone. Usha alimpa bila neno, maana kwake halikuwa jambo. Njiani fundi alimtazama mnyama wake: wekundu umeingia kwenye mikunjo ya mkonga, na alama ya dole gumba imekaa ubavuni. Hakumkasirikia Usha. Alichokipata kilikuwa kibaya kuliko hasira. Alianza kumwona kifaru.

Alimwona akichezewa na watoto. Alimwona ametobolewa tundu, amening'inizwa shingoni mwa mtu. Alimwona akisuguliwa kwa majivu na Ruthu, kwa nia njema kabisa, mpaka anang'aa kama sufuria, na vile vinyweleo vya masikio vimekwenda na maji. Hawezi kula, anamwona. Anaziba tundu la rejeta, anaacha la pembeni yake linavuja. Mwisho akapiga simu Kibakwe.

"Za huko, ndugu yangu?"

"Nzuri tu," Abeli alijibu. "Tunaandaa mashamba."

"Mvua?"

"Bado. Mawingu yanatusalimia yanakwenda zake."

"Na mifugo?"

"Mizima."

"Yote?"

"Yote mizima, tunashukuru."

Swali lilimfikia Yotham kwenye meno likakwama. Angeuliza, angekuwa amekwenda kuhesabu. Akamsalimia Ruthu, akawasalimia wazee, akakata simu, kisha akakaa juu ya ndoo akichambua lile neno "yote" kama ushahidi mahakamani. Je, Abeli aliposema yote, alimtia na kifaru humo, au alisema ng'ombe na mbuzi peke yao?

Wiki hiyo hiyo akapanda basi. Alimwambia Penina anakwenda kununua maharage, na maharage aliyanunua kweli, maana mwongo mwenye aibu hupenda kubeba ushahidi.

Alimkuta Ruthu peke yake. Abeli alikuwa amekwenda mnadani tangu alfajiri. Ruthu alikuwa mama mnene mwenye macho makali na mdomo mwepesi, na alifurahi kweli kumwona.

"Shemeji, umekuja bila hata kupiga simu. Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimefuata maharage, nikasema sipiti bila kuwasalimia."

"Basi hutoki hapa bila kula. Kaa ndani upate kivuli, nikakamate kuku."

Akatoka. Yotham alibaki ndani ya chumba kile chenye giza la baridi, na kilindo kikiwa mbele yake, hatua tatu au nne. Nje alimsikia Ruthu akimkimbiza kuku na kumtukana. Alijiambia anataka kutazama tu. Kutazama si kuhesabu. Akainuka, akaingiza mkono katikati ya karanga mpaka kwenye kiwiko, akagusa kitambaa.

Kifaru alikuwa mzima. Hana mkwaruzo, hana majivu, hana tundu. Amekaa ndani ya kikasha chake kama siku ile ile. Mtu mwingine angepumua, angekifunga kitambaa, angerudi kukaa akamngoja kuku. Kwa Yotham uzima ule ndio uliomvunja. Kama angemkuta ameharibika, angemwacha hapo na uchungu wake. Sasa alikuwa mzima, na kesho je? Kesho kutwa je? Hawezi kurudi tena kununua maharage. Na kumwomba Abeli hadharani amrudishie mnyama ambaye hakumfanyia kosa lolote ni kumtukana, yeye na kaburi la baba yake. Basi njia ya heshima, kwa hesabu za kichwa chake kilichochemka, ilikuwa kumchukua pasipo mtu kuaibika. Atatafuta kifaru mwingine kama huyu kwa Vishal. Atamrudisha kimya kimya kabla mtu hajajua.

Akabana kikasha, kikafunguka. Akamtoa kifaru kwa vidole vitupu, yeye aliyewakataza watu wote, akamtia mfukoni mwa shati. Kikasha kitupu akakifunga tena, tak, akakirudisha ndani ya kitambaa ili anayepapasa asikie kitu kigumu, akakizika kwenye karanga. Ruthu aliingia na kuku mkononi, anahema, anacheka.

Alimla kuku yule. Alimsifia, akaomba na mchuzi tena.

Jambo ambalo kichwa chake hakikukumbuka ni maziwa. Alikuwa amelisahau kabisa lile neno la utani, kwamba mwenzake atakuwa anakamua jioni jioni.

Makole hakumpatia kifaru mahali. Kopo hakuliamini, dari hakuiamini. Akawa anatembea naye mfukoni, amemfunga kwenye kipande cha flana, kila mara mkono unapanda kifuani kumpapasa: kwenye lehemu, kwenye chakula, kanisani wakati wa sala ya toba. Vishal alimwambia kifaru wa namna ile hatengenezwi tena, labda atokee mtu wa kumuuza, na hilo linaweza kuchukua mwaka. Kutoka Kibakwe hakukuja simu. Kila siku iliyopita bila simu Yotham alijiambia hawajajua, na kila siku iliyopita bila simu alizidi kuogopa. Penina alimwuliza kama anaumwa moyo, mbona anajishika hapo.

Jumapili ya pili baada ya mvua za kwanza, wametoka kanisani hawajabadilisha nguo, Abeli alibisha hodi.

Alikuwa amevaa koti lake la harusi, na viatu vimejaa tope jekundu. Alimwamkia Penina, akasalimiana na Yotham kwa mikono miwili, akakataa soda. Hakuegemea kiti. Akaingiza mkono ndani ya koti akatoa kitambaa cha bluu, akakifungua juu ya meza ndogo taratibu, pembe moja baada ya nyingine. Kikasha kitupu kikang'aa juu ya bluu ile.

"Nimekuletea ngozi," alisema.

Penina alikitazama, akamtazama mumewe.

"Ningekupigia, lakini ngozi haitumwi kwa simu. Nilitoka mnadani, nikafunga ng'ombe, nikaenda kumkamua kama siku zote. Nikakuta hivi." Abeli alijifuta uso. "Tumechambua karanga zote. Tumechekecha majivu, tumechimba mpaka chini ya kilindo. Sijui kafaje, ndugu yangu. Nakuambia nisivyojua."

"Pole," Penina alisema kwa niaba ya mumewe.

"Hayo si yote, mama. Ruthu amekwenda kwa kaka zake." Sasa Abeli alitazama sakafu. "Alisema neno ambalo siwezi kulirudia bila aibu, lakini ndilo lililonileta. Alisema Yotham alikuja siku ile, akakaa peke yake ndani, basi aliyemchukua ni yeye. Nikamwambia nyamaza. Nikamwambia mtu haibi ng'ombe wake. Hakunyamaza. Nikamwambia maneno mabaya, miaka yote sijawahi kumwambia mke wangu maneno kama yale. Akafunga nguo zake. Sasa kaka zake wanasema nimemwita mwongo na mchonganishi, na wao wanataka kujua ni nani mwongo." Akainua macho. "Nakuomba kitu kimoja. Twende. Useme mbele yao kwamba hukumchukua. Ukisema wewe, yamekwisha, mimi nitamwomba radhi na tutarudi nyumbani."

Mkono wa Yotham ulikuwa umeshapanda kifuani. Kifaru alikuwa pale, ana joto la mwili wake, na kati yake na mwenzake palikuwa na meza ndogo tu. Alikuwa na nafasi ya kusema. Penina alikuwa ameganda akimtazama ule mkono, na bila shaka siku zote zile za kujishika moyo zilikuwa zikimrudia moja moja. Na hapo, badala ya ukweli, likamjia Yotham wazo ambalo kwa dakika ile lilionekana kama wokovu. Mila si inasema akiletewa ngozi atoe mnyama mwingine? Basi atampa kifaru. Kifaru atarudi kilindoni, mila itatimia, Abeli atapona, Ruthu atapona, hakuna atakayejua. Ilikuwa kama Mungu mwenyewe amempangia.

"Aliyekufa amekufa," alisema, na sauti yake ilitaka kufanana na ya Mzee Ndahani. "Baba yangu hakuikunjua ngozi ya baba yako, na mimi sikunjui yako. Mila ni mila. Chukua mwingine."

Akaifungua flana, akamwekea Abeli sarafu kiganjani.

Abeli hakutegemea. Alisimama, mtu mzima wa koti na tope, machozi yamemjaa, akasogea dirishani ili amwone vizuri mnyama wake mpya, maana mfugaji akipewa ng'ombe humzungusha kwanza amjue. Akamwinamisha kwenye mwanga huku na huku. Kisha akaacha kumwinamisha.

Alikuwa amewapa mgongo. Nje watoto wa jirani walikuwa wanaruka madimbwi.

"Ana baka," alisema. "Chini ya pembe."

Yotham aliitwa jina lake na Penina, kwa sauti ndogo sana, jina lake lenyewe, si Baba Devota.

"Na amekonda," Abeli aliendelea. "Hapa shingoni, mikunjo imefifia. Umekuwa ukitembea naye."

"Abeli, ndugu yangu, nilikuwa naogopa tu. Nilimkuta mzima, nikaogopa. Sikutaka kukuaibisha, nikasema nikimchukua bila wewe kujua..."

"Ruthu alisema."

"Nilikuwa nimrudishe."

"Ruthu alisema, nami nikamwambia mtu haibi ng'ombe wake." Aligeuka. Hakuwa na hasira usoni, na Yotham angetoa wanyama wote saba ili amwone na hasira. Abeli alirudi mezani, akambana kifaru ndani ya kikasha, akakifunga, tak, akakiweka juu ya goti la Yotham kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kumwagika. "Mwizi wa nje nakulindia, hata nikeshe. Mtu anayejiibia mwenyewe sina zizi la kumlindia. Simtaki huyu. Wala usinipe mwingine."

Akakikunja kile kitambaa cha bluu, akakitia mfukoni, maana kilikuwa cha Ruthu.

"Lakini kwa mke wangu utakwenda," alisema. "Utasema kwa mdomo wako."

Walisafiri kesho yake, kiti kimoja, bila mazungumzo. Abeli alimnunulia maji Mpwapwa kwa sababu hakuwa mtu wa kunywa peke yake. Kwa kaka yake Ruthu, mkulima wa vitunguu aitwaye William, waliwekewa viti uani, na wanaume watatu wa ukoo ule wakakaa mbele yao. Ruthu alikaa pembeni kwenye kinu kilicholazwa. Yotham alisimama akasema yote. Alisema karanga, kikasha, mfuko wa shati. Alisema hata flana. Alipomaliza jasho lilikuwa linamchuruzika mpaka kwenye mkanda.

Hakuna aliyemtukana. William alikohoa, akamwangalia dada yake.

"Kuku yule," Ruthu alisema, "ulimla akiwa mfukoni tayari?"

"Ndiyo, shemeji."

"Ukaomba mchuzi."

"Ndiyo."

Ruthu alitikisa kichwa, mara moja tu. Alimwangalia mumewe, na Abeli akainuka, akavuka ua mbele ya watu wote, akampa kile kitambaa cha bluu kwa mikono miwili, akamwomba radhi. Alisema, "Nilikuita mwongo, na wewe peke yako ndiye uliyesema kweli." Ruthu alikipokea kitambaa, akajifunga nacho kichwani bila haraka, akaingia ndani kuchukua mzigo wake. Walipotoka pale getini alikuwa mbele na Abeli nyuma amebeba mzigo, nao walikuwa wameshaanza kubishana juu ya mbegu.

Yotham alingoja. Kibakwe, na kwa kweli nchi yote hii, mgeni haondoki peke yake. Humsindikizi mpaka mlangoni tu. Unamsindikiza mpaka njia panda, mpaka kituoni ukiweza, umembebea na begi. Mara zote alizokuja, Abeli alimsindikiza mpaka basi linaondoka, akabaki amesimama barabarani mpaka vumbi litulie. Yotham alikaa kwenye kile kiti uani akitazama njia. William aliondoka kwenda kufungulia maji shambani. Mwanamke mmoja akaja kuchukua viti, akakichukua na cha pembeni yake, akasimama kwa adabu akingoja na hicho alichokalia Yotham.

Akashuka kilima peke yake. Watu aliowapita walimpa mbukwenyi, salamu ya Kigogo, akaitika. Kituoni alikaa kwenye jiwe, na basi lilipokuja alipanda akapata kiti cha dirishani. Mkono ukapanda kifuani wenyewe. Kifaru alikuwepo, ndani ya kikasha chake. Gari lilipoanza kukata kona ya kwanza, Yotham alimpapasa tena, na alikuwepo.